Maziwa Yaliyorudi

Tarehe 6 Januari

Dada yangu mpenzi,

Salamu hizi zikukute umekaa, ingawa nakujua: utaisoma barua hii umesimama, mkono mmoja juu ya cherehani, kisha ulalamike kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Vidole tu ndivyo vinavyogoma. Ukishika mabomba ya ghala la baridi miaka yote hii, mwisho baridi inahamia kwako. Asubuhi navipasha kwenye kikombe cha chai kabla sijaweza kufunga vifungo vya shati.

Nisalimie mpwa wangu, mkewe na wale mabinti zake. Mwambie ile redio ikikoroma asiipige kofi, aifungue nyuma apulize vumbi. Marehemu shemeji namwombea dua kila Ijumaa, na marehemu mama pia.

Hapa bwenini sote tunaitana ndugu. Ndugu, nipishe. Ndugu, zima taa. Ndugu, nani kachukua sabuni yangu? Mwezi uliopita ndugu wa kitanda cha chini alihama akasahau kiatu. Wakauliza anaitwa nani ili kimfuate, na hakuna aliyejua, hata mimi niliyelala juu yake miaka minne. Kiatu kipo bado.

Kinachonituliza ni darsa ya baada ya alasiri. Mwalimu wetu zamani alikuwa kondakta wa basi, sauti imemkauka kwa kuita abiria, lakini tafsiri anaijua. Mwaka huu anatupitisha kwenye aya zote zinazotaja ndugu. Ameanza na ile isemayo waumini ni ndugu, basi wapatanisheni ndugu zenu. Akauliza, "Mbona amri ya kupatanisha imekuja papo hapo, hata pumzi hatujavuta? Kwa sababu aliyewaita ndugu alijua mtagombana." Tulicheka, kisha watu wawili waliokuwa hawasemezani wakatazamana.

Sasa neno lenyewe. Wamenistaafisha. Mwisho wa mwezi wa saba nakabidhi funguo kwa kijana mwenye cheti na vidole vizima. Mke sikupata, mtoto sina, na hapa mtu asiye na kazi hana kitanda. Chumba cha mama kipo kitupu. Naomba nirudi nyumbani nikae humo. Nitaziba bati, nitakutungia uzi kwenye sindano macho yako yakikataa, na jioni tutagombana kuhusu chumvi. Nijibu mapema. Kwenye simu wewe hulia na mimi huishiwa maneno, ndiyo maana naandika.

Mdogo wako,
Barafu


Tarehe 17 Februari

Kwako Barafu,

Kweli nimeisoma nimesimama, na kweli mwandiko ni wa kuku tena kuku mgonjwa. Sisi wazima. Mpwa wako anakusalimu, redio aliipiga kofi ikapona. Mabinti zake wameota meno mapya ya mbele na wanauma kila kitu.

Mimi niko na sare za shule. Msimu huu wamebadilisha rangi ya kola, kwa hiyo nimefumua nilizoshona na kuanza upya. Mgongo unaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Jirani yetu Shoka, muuza nyama, yule uliyepigana naye utotoni mpaka mkavunja beseni la mama yake, bado mfupi na bado ana mdomo. Ameng'oa kamba yangu ya kuanikia nguo, eti inamkaba shingo akipita. Nikamwuliza, kamba ya juu vile inakufikiaje shingoni? Hatusemezani tangu hapo. Mama yake, Bi Mkunga, aliyezalisha mtaa huu wote, bado yupo. Macho yamepungua lakini sikio lake linasikia hata unachofikiria. Paka wa nyumba ya kona amezaa.

Kuhusu chumba cha mama, nimeweka vitambaa humo. Tutazungumza. Haraka haraka haina baraka.

Paka mafuta vidole.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Barua imefika, nashukuru. Nafurahi mabinti wameota meno.

Nimeisoma na kuirudia nikitafuta jibu. Nimejua habari za kola, nimejua ugomvi wa kamba, nimejua hata paka kazaa. Kuhusu mimi kuna mstari mmoja, nao umejaa vitambaa. Kama chumba umekipangisha, sema. Kama mpwa wangu ana mipango nacho, sema pia. Mimi si mtoto wa kubembelezwa.

Darsani tumefika kwa manabii. Hudi alitumwa kwa watu wa Adi, wakamwita mpumbavu na mwongo, na bado aya inamwita ndugu yao. Mwalimu akasema huo ni undugu wa nasaba, haufutwi kwa matusi. Kisha akatupeleka kwa Shuaibu. Alipotumwa Madiani ameitwa ndugu yao. Lakini panapotajwa watu wa kichakani, neno ndugu halipo. Wafasiri waliliona pengo hilo wakalitafutia sababu. Wako waliosema ni watu walewale, ila hapa wameitwa kwa jina la mti waliouabudu, ndiyo maana hakuunganishwa nao. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naifikiria barua yako, dada. Neno likikosekana mahali linapotarajiwa, watu hulisoma lile pengo.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, ndivyo wasemavyo. Mimi niliokotwa kwenye benchi la zahanati nimeviringishwa taulo, sikuzaliwa nawe. Labda hilo ndilo unaloshindwa kuliandika.

Barafu


Tarehe 2 Aprili

Barafu,

Ungekuwa karibu ningekuchapa kwa rula ya kupimia. Mzaliwa nawe, mzaliwa nawe! Nani alikufundisha kuvaa viatu? Nani alikuwa akikutolea mba kichwani? Undugu ni kufaana, si kufanana, na wewe ndiye uliyemsomesha mwanangu kwa jasho lako la baridi. Usiniletee methali nusu.

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ujue kwamba duniani kuna mtu anayeuliza wewe ni nani kwangu. Sasa umenilazimisha, basi soma.

Nilipopata barua yako ya kwanza nilimpa mwanangu habari kwa furaha. Akakaa kwenye kitanda cha mama, akavua kofia, akaniuliza, "Mama, mjomba ni maharimu wako?" Yaani je, wewe ni mtu ambaye sheria imeniharamishia kabisa kuolewa naye, ili tuweze kukaa nyumba moja, mlango mmoja na bafu moja. Nikamwambia, "Huyo alikuwa akikubeba mabegani." Akasema, "Mabega hayamfanyi mtu kuwa maharimu, mama. Ningependa yafanye." Hakusema kwa ubaya, Barafu. Alikuwa anafuta macho.

Tukaenda kwa imamu wa mtaa, kijana wa ndevu chache. Akasema, "Kama marehemu mama yako alimnyonyesha kabla hajatimiza miaka miwili, mara tano za kushiba, huyu ni ndugu yako wa ziwa, hakuna wa kuwauliza. Kama hakumnyonyesha, ni ndugu yako katika dini, na ndugu katika dini hulala kwake." Nikamwambia mimi kizee, nani atanitazama? Akasema uzee unapunguza mtandio, hauondoi ukuta.

Nikamweleza habari ya maziwa yaliyorudi, kama mama alivyokuwa akiisimulia. Akasema hadithi ni nzuri lakini anataka shahidi. Shahidi aliyebaki hai ni Bi Mkunga. Nitakwenda nikimaliza kola hizi.

Dada yako, na usiulize tena kama ni dada yako


Tarehe 21 Aprili

Dada yangu mimi,

Barua yako nimeisoma ghalani, katikati ya makontena, nikacheka peke yangu mpaka kijana mwenye cheti akaja kutazama kama gesi inavuja.

Kumbe ni hilo tu! Basi mambo yamekwisha. Unakumbuka mama alivyokuwa akiisimulia? Nikiugua, nikikataa kula, nikitoka kupigwa na kina Shoka, ananiweka mapajani na kuanza. Wewe ulikuwa umeachishwa ziwa zamani, maziwa yamekauka, yeye kasahau hata kama alikuwa nayo. Siku aliponitoa zahanati nikalia njia nzima, na alipofika mlangoni kifua kikalowa. "Yalirudi yenyewe," alikuwa akisema. "Yalirudi kwa kukuona wewe." Nilikuwa mwanamume mwenye ndevu na bado nilimwomba anisimulie, nikijifanya namtania.

Nimemweleza mwalimu. Anasema undugu una milango mitatu: tumbo, ziwa na dini. Akaniuliza mbele ya darsa nzima, "Una hakika na wa pili?" Nikamjibu mama mwenyewe kasema. Akasema, "Kamilisha ushahidi. Shaka haijengi undugu." Kisha akatusomea habari ya Haruni. Nduguye aliporudi na hasira akamkamata ndevu na kichwa, Haruni hakumwita kwa jina wala hakumwita kaka. Alimwita mwana wa mama yangu. Baba yao mmoja na mama yao mmoja, wanasema wafasiri, lakini alimtaja mama ili moyo wa mwenzake ulainike.

Basi na mimi nakuita hivyo hivyo. Ewe mwana wa mama yangu, ziache kola, nenda kwa Bi Mkunga. Nimeshanunua rangi ya chumba.

Mdogo wako,
Barafu


Tarehe 30 Mei

Dada,

Natumaini u mzima. Nimeandika, sijapata jibu. Msafiri aliyeichukua barua anaapa aliitia sandukuni kwa mkono wake.

Kama unaumwa, mwambie mpwa wangu aandike hata mstari. Kama Bi Mkunga amefariki kabla hujamfikia, sema, tutatafuta mwingine. Darsa imeahirishwa wiki mbili, mwalimu anaumwa kifua, na jioni sina pa kwenda. Nakaa langoni natazama malori yakigeuza.

Barafu


Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Barua zako zote mbili zimefika. Siumwi. Nilikwenda kwa Bi Mkunga nilipomaliza kola, hata kabla hujaniambia niende. Tangu hapo kila siku nakaa nikuandikie, nafika kwenye salamu nasimama. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimelia vya kutosha, sasa ni zamu yako. Kaa chini.

Nilimkuta ukumbini anachambua mchele kwa vidole. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya ziwa.

"La nani?" akasema. "Yangu yamelala siku nyingi."

"La mama. Alipomnyonyesha Barafu. Imamu anataka shahidi."

Akaacha mchele.

"Maziwa ya mama yako hayakurudi," akasema.

Nikamwambia, bibi, mama alisimulia miaka yote.

"Alisimulia, eeh. Alijaribu pia. Alimweka kifuani usiku na mchana, mtoto akavuta patupu, akalia, akaanza kukonda. Siku ya tatu akaniletea kwa mlango wa nyuma, kamfunika kwa shuka. Mimi nilikuwa na Shoka, bado mchanga. Nikampa Shoka upande mmoja, na huyo nikampa upande wa pili. Asubuhi na jioni, mpaka alipoanza uji. Mama yako alikuwa akikaa juu ya kinu pale, anamtazama, machozi yanamtoka. Akaniapiza nisimwambie mtu."

Nikamwuliza kwa nini.

"Alitaka awe wake. Aliogopa mtoto akikua, akijua, atakuja kuniita mimi mama."

Nikamwuliza kama zilifika mara tano, maana imamu kasisitiza. Akacheka mpaka akakohoa. "Mara tano? Alininyonya mpaka mgongo ukaniuma. Na alikuwa anauma, mwambie."

Kisha akanishika mkono, Barafu, akasema polepole: "Ukitaka, nitamwambia imamu kwamba mtoto alinyonya kwa mama yako. Mimi ni mtu wa kaburini, nani atanipinga?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana. Nikakuona umekaa mbele darsani, unazipima aya moja moja kama unavyopima gesi, nikajua siwezi kukulaza kila usiku ndani ya uongo wangu halafu asubuhi nikuamshe uswali. Nikamwambia aseme kweli. Ulipoandika "mwana wa mama yangu" nilikuwa nimekwisha kujua, ndiyo maana barua ile niliikunja nikaiweka chini ya vitambaa.

Imamu alisikia ushahidi akafikiri, akasema kwa nia njema, "Basi njia ipo nyepesi. Oaneni." Nikamwambia, "Wewe kijana, nimemfuta huyo kamasi. Nimemwogesha. Nimempiga kwa mwiko." Mwanangu akatazama dari. Imamu akasema hilo kisheria si kizuizi. Nikamwambia kwangu ni kizuizi, tukatoka.

Lakini mwenzio Shoka kapata habari. Alikuja jioni na aproni yake ya bucha, akasimama kizingitini, mtu ambaye hatusemezani tangu habari ya kamba.

"Ni kweli?"

"Kamwulize mama yako."

"Nimeshamwuliza." Akakuna kichwa. "Kumbe ndiyo maana nilibaki mfupi. Alikuwa anakula sehemu yangu." Akageuka kuondoka, akarudi. "Nina chumba cha uani, kina dirisha. Mwambie."

Imamu anasema kati yako na Shoka hakuna cha kubishana. Wanaume wawili hawana pazia baina yao, na neno la bibi linatosha. Kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kwa hiyo umerudishiwa ndugu, Barafu, ila siye uliyemwomba.

Nisamehe kwa kuchelewa.

Dada yako


Tarehe 3 Julai

Dada,

Nimeipata. Nilikaa kama ulivyosema, juu ya kreti la machungwa, na niliinuka watu wamekwisha kufunga.

Sikulaumu. Ulifanya sawa kumzuia Bi Mkunga. Ninayetaka kumlaumu ni marehemu, na marehemu halaumiwi, kwa hiyo hasira inazunguka tu humu ndani haina pa kutokea. Kwa nini aliona haya? Angeniambia, mwanangu, nilikosa maziwa nikakutafutia. Ningempenda vilevile. Badala yake alinipa hadithi, nikaiishi miaka sitini, na leo nauliza: alinipa nini basi kilichokuwa changu?

Mwalimu amepona. Wiki hii tumefika kwenye aya ya watoto wa kulelewa. Waiteni kwa baba zao, na kama baba zao hamuwajui, basi ni ndugu zenu katika dini. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa natajwa. Nilibaki nyuma nikamwuliza, "Mwalimu, huu undugu wa dini ni makombo? Wanapewa waliokosa tumbo na ziwa?" Akasema, "Tazama aya ilivyotembea. Ingeweza kusema msiwaite wana wenu, ikaishia hapo. Lakini haikuwaacha mlangoni hata kwa pumzi moja, ikawapa jina lingine palepale." Nilimshukuru. Nikaenda bwenini, ndugu mmoja akaniambia nizime taa.

Kwa Shoka siendi. Nimeishi na ndugu wa mdomoni maisha yangu yote, sitaongeza mmoja aliyenivunja jino. Nimemwomba msimamizi nikae langoni kama mlinzi. Hajakataa. Rangi nimempa kijana mwenye cheti, anajenga.

Wabusu mabinti.

Barafu


Tarehe 16 Julai

Barafu,

Naandika nikiwa nimekaa kwa Bi Mkunga. Shoka amesimama nyuma yangu, anataka niandike anayoyasema kama anavyoyasema, basi haya hapa:

"Mwambie asinifanye nibembeleze, mimi si mchumba. Mwambie jino nilimvunja kwa sababu alinitukana mfupi, na ufupi wenyewe kaniletea yeye. Mwambie mke wangu amefariki na watoto wako mbali, jioni nafunga bucha nakuja kukaa na mama, na mama analala mapema. Mwambie ziwa alinyonya bila kuniomba, chumba nampa bila kuombwa, sasa anataka nini tena? Umeandika? Andika pia kwamba dirisha nimelitia kioo."

Bi Mkunga naye anasema uje haraka, hana muda wa kusubiri watu wenye maringo. Anataka akushike uso. Anasema mama aliogopa bure, kwamba wewe hukuwahi kumwita yeye mama hata siku moja, ingawa alisubiri kidogo.

Sasa nimerudi nyumbani, haya ni yangu. Umeuliza mama alikupa nini. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na hiyo kazi niliiona kwa macho yangu. Mimi mtoto wa tumbo lake hakunitungia hadithi yoyote. Nilipoumwa alinipa dawa, basi. Nilikuwa nakaa pembeni nasikiliza maziwa yakirudi kwa ajili yako, na nikwambie kweli, nilikuwa na wivu.

Na jambo jingine ambalo sijawahi kukuandikia. Mimi ni mpweke, mdogo wangu. Mwanangu ni mwema lakini ana nyumba yake. Jioni nikizima cherehani, nakaa, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba leo sindano imekatika. Nimesubiri urudi tangu shemeji yako alipofariki, na sikusema, nikidhani kusema ni kukuomba uache kazi. Sikuweza kukupata ndani ya nyumba. Nipe basi mtu wa kupita mtaani. Wacha nikusikie ukigombana na Shoka. Usinizeekee langoni kwa watu wasiojua jina lako.

Dada yako


Tarehe 29 Julai

Dada yangu,

Funguo nimekabidhi leo. Kijana mwenye cheti alinisindikiza mpaka barabarani akabeba begi, na kwenye kituo akaniuliza jina langu. Nikamwambia, akalirudia ili asisahau. Kazi ya lango nimemwambia msimamizi ampe mwingine.

Juzi usiku hasira ilitoka, sijui kwa njia gani. Nilikuwa nimelala namfikiria mama amekaa juu ya kile kinu. Asubuhi na jioni anambeba mtoto wake, anapita mlango wa nyuma, anamkabidhi kwa mwanamke mwingine na kukaa kumtazama akishiba. Kisha anamfunika, anamrudisha nyumbani. Mimi sijui kama ningeweza. Nilimwombea mpaka alfajiri, nikamwambia hadithi yake nitaendelea kuisimulia kama alivyoitunga, na nitakaowasimulia ni mabinti wa mpwa wangu, wakiumwa.

Mwalimu nimemuaga. Aliniuliza mlango gani umefunguka mwisho wa yote. Nikamwambia naona nimeingia kwa miwili, wa ziwa kwa Shoka na wa dini kwa dada, na niliokuwa nimeusimamia, ziwa la mama, ndio uliofungwa. Akanishika bega tu. Sauti yenyewe hana.

Mwambie Bi Mkunga nakuja, uso nitaunyoa. Mwambie Shoka nakuja, lakini asianze kuniita ndugu mbele za watu mpaka nizoee, na kamba ya dada yangu airudishe mahali pake kabla sijafika.

Basi litaingia Ijumaa kabla ya adhuhuri. Usije kituoni, nitatoka huko moja kwa moja mpaka kwako, ndipo niende kwa Shoka. Dada, katika nyumba ile sijawahi kupiga hodi. Nilikuwa nasukuma mlango tu, wakati mwingine kwa mguu, na mama anafoka. Ijumaa nitapiga. Ukiuliza ni nani, nitasema ni ndugu yako, kwa sauti ya kusikika mpaka buchani, na atakayetaka kujua ni ndugu wa mlango gani aje aniulize mimi. Wewe usiharakishe kufungua. Nitasubiri hapo nje mpaka umalize kujifunika.

Mdogo wako,
Barafu